Asiingie Mtu Mpaka Niseme

Mguu wangu wa kulia hauna mpinzani. Sisemi hivyo kwa kujisifu, ingawa hata nikijisifu nina haki. Umekanyaga pedali ya cherehani tangu nikiwa msichana, umeshona sare za shule nzima, na kwa miaka ishirini na sita umekanyaga breki ya gari letu kila mara mume wangu alipoingia chini yake. Hiyo ya breki ndiyo niliyokuwa nikiiringia kuliko hata ushonaji.

Nieleze kidogo. Mume wangu alikuwa dereva wa lori la kiwanda cha sabuni hadi alipostaafu, na kama madereva wengi wa rika lake, anaamini kwamba fundi wa gereji ni mtu anayelipwa kwa kukuna kichwa. Gari letu analitengeneza mwenyewe hapa uani, kati ya ukuta wa jiko na kamba ya nguo. Analinyanyua mbele kwa jeki, ile fupi nene yenye umbo la chupa, anatandika gunia, analala chali na kujipenyeza chini. Mimi nakaa kwenye usukani, mguu juu ya breki, mpaka amalize. Alinifundisha hivyo mwaka ule ule tulionunua gari. Aliniambia, "Wewe ukikanyaga, gari haliendi popote. Maisha yangu yako kwenye mguu wako." Wanawake wengine huambiwa wana macho mazuri. Mimi niliambiwa hayo, nikajiona nimeolewa upya.

Basi nikakanyaga. Nimekanyaga na mimba, nimekanyaga na homa, na siku moja nimekanyaga huku simu ya dada yangu ikilia ndani ya nyumba mpaka ikachoka yenyewe. Majirani wakaanza kuniita Mama Breki, nami nikaitika.

Lakini kuna jambo sikumwambia mtu. Nikiwa pale kwenye kiti nilikuwa simwoni. Nilisikia tu spana ikigonga na yeye akiguna, na muda wote huo roho yangu ilikuwa mkononi. Gari likilia kidogo tu, nazidi kukandamiza breki. Akitoka, akajipangusa na kusema, "Tayari, mke wangu," mimi nashuka kwa maringo yangu yote, kama niliyekuwa nimekaa kwenye kochi nikila karanga. Ningemwambiaje kwamba naogopa, mtu aliyeniambia maisha yake yako kwenye mguu wangu?

Sasa tuje kwa mkwe wangu.

Mwanangu alipotuambia amepata mchumba, na mchumba mwenyewe ni fundi katika gereji ya mabasi, nilimeza mate. Nilitegemea mtu mwenye kucha ndefu za rangi. Akaja msichana mwembamba, mpole, mikono imekwaruzika kila mahali, sauti kama ya mtu anayesoma taarifa ya habari. Anaongea polepole, hamkatizi mtu, na hakubali jambo asilolikubali. Hiyo ya mwisho nilichelewa kuigundua, maana anakataa kwa adabu mpaka unadhani amekubali.

Miezi miwili baada ya harusi alituletea zawadi ndani ya mfuko wa saruji. Vyuma viwili vizito, kila kimoja kina miguu minne, shingo ya kupanda na kushuka, matundu ubavuni, na pini ya kupitisha kwenye matundu ili shingo isishuke. "Ni stendi za gari, baba," alimwambia mume wangu. "Ukishanyanyua kwa jeki, gari unalikalisha juu ya hizi, ndipo unaingia." Mume wangu akashukuru kwa adabu zote. Mgeni alipoondoka, tukaweka ubao juu ya zile stendi, na juu ya ubao beseni langu la kufulia. Mgongo wangu ukapona. Nikasema kweli huyu mtoto ana akili.

Jumamosi moja asubuhi akaja peke yake, mwanangu akiwa kazini, kuniletea vitambaa. Alitukuta na shughuli. Ilikuwa siku ya kubadilisha oili. Gari lilikuwa limeshanyanyuliwa mbele upande wa kushoto, gunia limetandikwa, karai la kukingia oili liko tayari, na mimi niko kwenye usukani na mguu wangu mahali pake. Nikampungia mkono dirishani. Nilitaka anione vizuri.

Akasimama. Akaangalia jeki, akaangalia magurudumu ya nyuma, kisha akaniangalia mimi.

"Shikamoo mama. Mbona uko ndani?"

"Marahaba. Nimeshika breki."

"Ya nini, mama?"

"Baba yako anaingia chini."

Akaweka vitambaa juu ya kiti cha plastiki, akavikunja pembe ili visiingie vumbi, akarudi dirishani. "Mama, naomba ushuke."

Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakawaka. Nishuke? Mimi? "Nikishuka nani atashika?"

"Kabari zitashika. Na stendi."

Kabari ni kipande cha mti. Unakipachika nyuma ya gurudumu, basi. Miaka ishirini na sita ya kazi, halafu naambiwa nafasi yangu inachukuliwa na kuni.

"Kipande cha mti kina akili?" nikamuuliza.

"Hakina, mama. Lakini hakipigi chafya."

"Mimi sijawahi kupiga chafya kazini."

Mume wangu alikuwa ameshakaa kwenye gunia, spana mkononi. "Binti," akasema, "haya mambo tumeyaanza kabla hujazaliwa. Jeki hii ni nzima."

"Sina shaka, baba. Lakini jeki ni ya kunyanyulia, si ya kushikilia. Ndani yake kuna mafuta na mpira. Siku mpira ukichoka, hauagi." Akaninyooshea mkono mimi, taratibu. "Na breki ya mama inazuia gari lisitembee. Haizuii lisianguke."

Nilipitisha akili yangu kila pembe nikitafuta kosa lake. Ni kweli. Hata ningekanyaga na miguu yote miwili na ya majirani, jeki ikilegea gari linashuka, na mimi juu yake nikiliongezea uzito. Miaka yote nimeshika kitu kimoja, na kinachoua ni kingine.

Lakini unadhani nilisema? Nilinuna. Na mume wangu, akiona nimenuna, akadhani niko upande wake. "Dakika kumi tu," akasema, akalala chali, akaingia.

Nilitegemea mkwe wangu atapiga kelele, au ataondoka kwa hasira, au atampigia mume wake simu. Hakufanya hata moja. Alivua viatu. Akachukua gunia la pili lililokuwa limeegeshwa ukutani, akalitandika kando ya la baba mkwe wake, akapiga magoti.

"Baba, sogea kidogo niingie."

"Uingie wapi?" Sauti ya mume wangu ilitokea chini ya miguu yangu.

"Hapo hapo. Nikushikie karai."

"Toka, binti. Hapa si mahali pako."

"Kama panakufaa wewe, baba, pananifaa na mimi."

Aliongea kwa upole ule ule, kama anaomba maji ya kunywa. Kisha akalala. Nikaona kichwa chake kinapotea, mabega yanapotea, nikabaki naona nyayo zake tu kwenye kioo cha pembeni. Mguu wangu usio na mpinzani ukaanza kutetemeka juu ya breki. Watu wawili sasa. Na mmoja ni mtoto wa watu, kalelewa na mama mwingine huko, likimpata jambo nitaenda kwao niseme nini? Kwamba nilikuwa nimeshika breki?

Nilitaka kuruka nje nimvute kwa miguu. Sikuweza. Nikiondoa mguu, gari litasogea. Hapo ndipo nilipoielewa kazi yangu ilivyokuwa: hatari naiona, na kuinuka siwezi.

"Tokeni," nikasema. Sauti haikutoka vizuri. Nikarudia. "Tokeni wote wawili, sasa hivi."

Nikamsikia mume wangu anaguna, akajivuta nje polepole, nywele zimejaa mchanga. Alijua asipotoka yeye, yule naye hatoki. Mkwe wangu akafuata, akajipangusa, akavaa viatu kana kwamba hakuna lililotokea. Mume wangu alimtazama muda mrefu. Mimi namjua, alikuwa anatafuta pa kukasirikia na hakupapata, maana msichana hakumkosea adabu hata kidogo.

"Sawa," akasema, shingo upande. "Tuone hizo stendi zako."

Hapo tukatazamana mimi na yeye. Stendi zake zilikuwa chini ya beseni langu, na beseni lilikuwa na mashuka. Nikasubiri gari lishushwe mpaka magurudumu yote yakae chini, ndipo nikatoa mguu, nikashuka, nikaenda kulimwaga beseni kimya kimya. Mkwe wangu aliangalia kamba ya nguo wakati wote. Nilipomkabidhi vile vyuma vinavyonuka sabuni, akasema tu, "Angalau zimezoea kubeba." Ningemchukia kama nisingekuwa nacheka.

Basi akaanza kazi, na mimi mshonaji naipenda kazi safi popote ninapoiona. Kwanza akatufanya tulisukume gari, kwa sababu gurudumu moja lilikuwa kwenye udongo na yeye alitaka magurudumu yote manne kwenye saruji. Akaweka gia ya kwanza, akavuta breki ya mkono. Akaomba ubao wangu wa beseni, akaukata kwa msumeno vipande vinne vya mshazari, akavipachika mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma, akavigonga kwa kisigino. Ubao wangu, eti, ndio umekuwa mimi. Kisha akalala ubavu, kichwa nje, akapapasa chini ya gari kwa vidole, kama ninavyopapasa kitambaa kutafuta uzi uliokaza.

"Si hapa," akamwonyesha mume wangu. "Hili ni bati tu, litabonyea. Hapa. Huu ni mfupa wake."

Akanyanyua upande wa kushoto, akasukuma stendi chini ya ule mfupa, akapandisha shingo, akapitisha pini, akaikagua kwa kidole upande wa pili. Ndipo akalegeza jeki polepole mpaka gari likakaa juu ya chuma. Alipomaliza alipumua.

Akachukua stendi ya pili. Mume wangu akamwekea mkono begani. "Hii naiweka mwenyewe," akasema.

Na nilimwelewa. Mtu ameendesha lori la tani kumi miaka thelathini, leo ametolewa chini ya gari lake mwenyewe mbele ya mke wake. Anahitaji kuondoka na kitu. Akanyanyua upande wa kulia kwa fujo, akasukuma stendi, akapachika pini kwa kiganja, akashusha jeki, akainuka akijipangusa mikono. Mkwe wangu alikuwa amesimama upande wa pili. Nilimwona anapiga hatua moja kuja upande wetu, akasita, akarudisha mguu. Nikamwona, lakini sikujua maana yake.

"Sasa hakuna anayeingia mpaka gari litikiswe," mkwe wangu akasema. "Na wa kulitikisa ni mama."

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu umelikalia miaka yote hiyo. Likiwa limetulia unalijua, na likiwa halijatulia unalijua. Sisi tunaliangalia tu. Mama ukisema ndiyo, tunaingia. Ukisema hapana, haingii mtu."

Nilijua ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, ili nisiendelee kununa. Nikakubali nipakwe. Nikafunga kitenge changu vizuri kiunoni, nikaenda mbele ya gari, nikaweka viganja kwenye kona ya boneti. Kwanza kushoto. Nikasukuma kwa uzito wote niliopewa, na nimepewa wa kutosha. Gari likaenda, likarudi, likatulia. Nikahamia kulia. Nikasukuma.

Likaenda, likarudi, na kabla ya kutulia likafanya kitu kingine kidogo. Sijui niseme nini. Kama kifungo kinachopita kwenye tundu lililokatwa kubwa. Jicho lisingeona. Lakini nimekaa juu ya lile gari nikiwa na hofu miaka ishirini na sita, na mtu mwenye hofu husikiliza kwa mwili mzima. Kitu kile sikuwahi kukisikia.

"Linacheza," nikasema.

Mume wangu alikuwa ameshalala kwenye gunia, miguu imekunjwa, anasubiri kujisukuma ndani. "Gari lina springi, mama watoto. Lazima lichezecheze."

"Si springi. Linacheza kulia."

"Kulia nimeweka mwenyewe."

"Najua ni wewe. Usiingie."

Akainua kichwa. Katika ndoa yetu yote sikuwahi kumwambia neno hilo. Nimewahi kumwambia mengine mengi, mabaya zaidi, lakini siyo hilo. Akamgeukia mkwe wake kutafuta shahidi. "Fundi, linacheza?"

Mkwe wangu aliinamisha uso. "Hiyo sijaikagua, baba."

"Kwa nini hujaikagua?"

Yule ambaye alilala chini ya gari bila kupepesa jicho, sasa alikuwa anapekecha vidole. "Niliona aibu kukagua kazi ya baba mkwe," akasema.

Akaenda, akapiga magoti upande wa kulia, akapitisha mkono nyuma ya stendi pale ambapo ncha ya pini ilitakiwa itokeze. Akaacha mkono wake pale pale. Kisha akatuita. Pini ilikuwa imeingia tundu la upande mmoja tu. Upande wa pili haikufika, ilikuwa imeegemea ukingo wa tundu kwa ncha, imekaa mshazari, na shingo yote ya stendi, na robo ya gari juu yake, vilikuwa vimekalia ile ncha. Mume wangu aliangalia. Akaangalia gunia lake lilipotandikwa. Akakaa chini palepale kwenye saruji.

Mkwe wangu alikuwa na machozi. "Gereji ningemkagua hata bosi wangu," akasema. "Nimekuja kuwaambia nyinyi, halafu mimi mwenyewe."

Nikamshika bega. "Wewe," nikamwambia, "kama si wewe, leo nisingekuwa nimesimama nje kulisikia. Kuanzia leo huyu mzee utamkagua kama unavyokagua basi. Heshima mpe mezani."

"Anikague," mume wangu akasema kutoka chini. "Anikague kila kitu."

Wakanyanyua upya kwa jeki. Pini ikasukumwa mpaka ikatokeza upande wa pili, na safari hii mume wangu mwenyewe akamwita aje aiguse. Akaigusa. Jeki ikashushwa, ikaachwa palepale karibu, imegusa gari bila kubeba. Wote wawili wakarudi nyuma hatua mbili wakanitazama. Sijui kama umewahi kutazamwa hivyo na fundi na dereva kwa pamoja. Nikalitikisa kushoto, nikalitikisa kulia, nikalitikisa tena kulia kwa makusudi, kwa sababu naweza na hakuna wa kuniharakisha. Lilikuwa kitu kimoja, limetulia tuli.

"Ingia," nikasema.

Akaingia. Nami kwa mara ya kwanza nikawa nje, sina cha kukanyaga, sina cha kushika. Niliona miguu yake, soksi moja imetoboka kwenye kidole na sikuwa najua. Nikachuchumaa, nikamwona uso wake kule chini, amebana midomo anahangaika na boliti ya oili. Kumbe anafanyaga hivyo na midomo. Mkwe wangu akaingia upande wa pili na karai, na safari hii hakuna aliyemfukuza.

Nikakaa chini kabisa, na nguo yangu safi.

"Baba watoto," nikasema. "Nilikuwa naogopa."

"Imeshapita, mke wangu. Imeshawekwa vizuri."

"Siyo leo. Siku zote. Nikiwa pale ndani. Kila ulipoingia."

Spana ikasimama. Oili ilikuwa imeanza kushuka kwenye karai, nyeusi, taratibu. Mkwe wangu alikuwa amegeuza uso upande wa gurudumu.

"Mimi pia," mume wangu akasema.

"Wewe pia nini?"

"Kila siku niliyoingia. Nilikuwa nakazana nimalize nitoke."

"Sasa kwa nini ulikuwa unaingia?"

Akageuza shingo akanitazama, mchanga kwenye nyusi, na mkono wake mchafu ukatoka chini ya gari ukatafuta wangu. "Wewe ulikuwa umekaa pale huna wasiwasi," akasema. "Niliona aibu kukwambia."